Ajira za usalama mijengoni: Andika hatari ulizozuia, si sifa zako

TANGAZO la nafasi ya afisa wa usalama katika eneo la ujenzi huvuta barua nyingi za maombi, na aghalabu wasifukazi zinazoambatishwa hufanana kama shilingi kwa ya pili. Mwombaji hujitaja kuwa mchapakazi, mwadilifu na mwenye uwezo wa kushirikiana na wenzake. Sifa hizo ni njema, ila hazimjibu mwajiri swali linalomkera: je, mtu huyu akiona kiunzi kimelegea saa mbili asubuhi, mafundi wakisubiri kupanda na mkandarasi akihimiza zege imwagwe, atathubutu kuisimamisha kazi?

Uzito wa swali hilo unajulikana nchini Kenya. Jengo lililokuwa likijengwa eneo la Nyamakima, Nairobi, liliporomoka Januari 2006 na kuua watu kadhaa. Lakini si lazima jengo zima lianguke ndipo mtu afe. Mita moja ya ujazo ya udongo hukaribia uzito wa tani moja na nusu, na kibarua aliyefukiwa hadi kifuani ndani ya mtaro usioimarishwa kingo hupata shida kupumua hata kama kichwa chake ki nje.

Kazi hii huongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, pamoja na kanuni za shughuli za ujenzi za mwaka 1984. Mahali palipo na wafanyakazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama na afya. Kifo kikitokea, afisa wa Idara ya Usalama na Afya Kazini wa eneo hilo anafaa kuarifiwa katika muda wa saa 24, na taarifa ya maandishi kufuata katika siku saba. Mwombaji anayezifahamu taratibu hizi hana haja ya kuandika kwamba "anaijua sheria". Aeleze alivyoitumia.

Tuseme mtu ameandika: "Nilisimamia usalama wa wafanyakazi." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na yeyote, hata asiyewahi kuvaa kofia ngumu. Ilinganishwe na hii: "Jengo la ghorofa nane, vibarua 60. Nilikagua viunzi kila wiki na baada ya kila mvua kubwa, nikatia sahihi daftari la ukaguzi, nikaongoza kikao cha dakika kumi kila asubuhi kabla ya kazi. Nilisimamisha uchimbaji mara mbili hadi kingo za mtaro zilipotiwa mbao." Hapa mwajiri anaiona kazi, anaona ukubwa wake, na anaweza kupiga simu kuulizia. Takwimu ziwe za kweli, kwa kuwa daftari bado lipo kwa mkandarasi wa awali.

Jambo moja huwaponza wengi, nalo ni kujigamba kwamba mradi ulikamilika bila ajali hata moja. Msimamizi mzoefu hulisoma dai hilo kwa shaka. Huenda kweli hapakuwa na ajali. Huenda pia zilitokea na hazikuandikwa. Anayetaja matukio yaliyoripotiwa, yakiwemo yale ambayo watu walinusurika chupuchupu, na hatua iliyochukuliwa baada ya kila moja, huaminika zaidi. Hata hivyo, majina ya waliojeruhiwa yasiwekwe.

Vyeo navyo huchanganywa. Afisa wa usalama anayeajiriwa na mkandarasi si sawa na mshauri wa usalama na afya aliyesajiliwa chini ya sheria ya 2007, ambaye ndiye mwenye idhini ya kufanya ukaguzi rasmi unaotakiwa angalau mara moja kila miezi 12. Kujiita mshauri bila usajili ni kujivisha kilemba cha ukoka.

Wapo pia mafundi wa mawe na wasukaji nondo ambao hudhani kazi hii ni ya wenye shahada peke yao. Ni kweli digrii na diploma zipo, na kampuni za kimataifa, pamoja na waajiri wengi wa Ghuba, hupenda kuuliza cheti cha NEBOSH cha Uingereza. Lakini fundi aliyeketi katika kamati ya usalama, akapata mafunzo ya huduma ya kwanza na kufanyia kazi viunzini kwa miaka kumi, ana hazina ambayo mhitimu mpya hana. Aitangulize juu ya ukurasa wa kwanza, asiifiche chini ya matokeo ya shule ya msingi. Ikiwa ameidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hilo nalo litajwe.

Kila cheti kiandikwe pamoja na taasisi iliyokitoa, mwaka, nambari na tarehe ya kumalizika muda wake kama ipo. Cha kughushi kisikaribie. Anayedanganya kuhusu mafunzo yake huweza vilevile kutia sahihi ukaguzi ambao hakuufanya, na wa kuumia ni aliye juu ya kiunzi.

Kurasa mbili zinatosha, kazi ya karibuni ikitangulia. Warejelewa wawe watu walioshuhudia kazi yenyewe. Msimamizi wa mjengo hufaa kuliko jamaa mwenye wadhifa serikalini. Siku ya mahojiano, mwombaji abebe vyeti halisi na viatu vya kazi, kwani huenda mwajiri akamtembeza mjengoni na kumwuliza ni kasoro gani anaziona.