Allison, selimundu na hesabu ya Musoma

Mwaka 2025 ilitimia karne moja tangu azaliwe Anthony Allison, mtafiti wa jenetiki wa Oxford aliyekulia Kenya. Husifiwa kwa jambo moja: alionyesha kwamba aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu huhimili malaria zaidi kuliko asiye nacho. Sifa hiyo ni halali, ila ni nusu ya aliyoyaona, na nusu ya pili ndiyo inayomgusa mzazi wa Kasokola, Mpanda, anakoishi na mbu na malaria.

Alianza mwaka 1949 katika msafara wa Mlima Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kinasaba hicho; nyanda za juu, karibu hakuna. Kisha Wajaluo 30 waliojitolea Nairobi wakaambukizwa malaria kwa makusudi, jambo ambalo leo lingezua maswali mazito. Kati ya 15 wasio na kinasaba, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 walio nacho, wawili tu. Makala yake ya 1954 ilizua ubishi. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani walirudia jaribio wasione tofauti. Wengine wakasema E. A. Beet alikwishaigusia kinga hiyo Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1946. Kweli, lakini Beet alikuwa na wagonjwa wa wilaya moja. Allison aliunganisha ramani, jaribio na vipimo vya watoto wa Uganda, na kinga hiyo baadaye ilithibitika zaidi kwa watoto wadogo.

Ubishi huo ulifunika nusu ya pili: hesabu ya Musoma, Allison aliyoitoa mwaka 1956. Kati ya watoto wachanga 287, tisa walikuwa na ugonjwa wenyewe wa selimundu, yaani walirithi kinasaba kwa wazazi wote wawili; kati ya watu wazima 654, watano tu. Waliopungua hapo katikati walikufa. Hata hivyo, hospitali ya Muhimbili ilianza kufuatilia wagonjwa kwa utaratibu mwaka 2004, chini ya Julie Makani, karibu nusu karne baadaye. Atakayetetea ucheleweshaji huo kwa umaskini akumbuke kwamba kipimo cha awali cha Allison kilitaka tone la damu, kemikali, kioo na hadubini. Hakitofautishi mgonjwa na mbebaji, wala hakiaminiki kwa kichanga. Lakini kwa mtoto aliyevuka uchanga kingetosha kumwambia mganga wa zahanati nani apelekwe Mpanda mjini kwa uchunguzi zaidi.