M-PESA Haikungoja Simu Janja

Wasee, leo historia kidogo. Ukienda Luthuli Avenue kununua vipuri hukosi vijana wawili wakibishana kama Gor na Ingwe. Mmoja anataka chipu tupu aiandikie programu mwenyewe, bila mfumo endeshi wowote. Mwingine anataka Raspberry Pi yenye Linux. Wa kwanza anajiona fundi wa kweli, wa pili anajiona wa kisasa. Na jibu lilishatolewa hapa hapa Nairobi tukiwa bado watoto.

Machi 2007, Safaricom, wale wa Waiyaki Way, wanazindua M-PESA. Miezi miwili tu nyuma Steve Jobs ameonyesha iPhone kule San Francisco. Hapa kwetu mtu ana mulika mwizi, Nokia 1100 yenye tochi. Huwezi kuiwekea apu hata uilipe. Jirani ana Motorola, mwingine Siemens, na kila moja ina programu yake ndani. Ungeandika M-PESA mara ngapi?

Timu ya Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone haikuhangaika na simu. Walishuka chini yake. Menyu ikawekwa kwenye laini, kwa kutumia SIM Toolkit. Ile laini unayoichezea kwa kucha ni kompyuta: ina prosesa yake na kumbukumbu ya kilobaiti chache. Ukibonyeza Tuma Pesa, laini ndiyo inakuuliza kiasi na namba ya siri, inaufunga ujumbe kwa msimbo, kisha inaamuru simu iutume kama SMS. Simu imebaki skrini na vitufe. Mwenye laini ya zamani alibadilishiwa, basi. Gharama ilikuwa menyu ya maandishi matupu. M-PESA Super App ilikuja 2021.

Najua kuna mjuaji atasema laini nayo ina mfumo endeshi wake mdogo. Kweli. Ni kama wale wanaojigamba wanaandika chipu tupu kwenye ESP32, na chini ya hiyo Arduino yao FreeRTOS inakimbia kimya kimya. Mimi huhesabu tu ni vitu vingapi vimekaa kati ya kodi yangu na chuma, na kama kimoja kikizima usiku nitaweza kukirekebisha.

Chukua kidhibiti cha tangi nilichofunga kwenye plot moja Kawangware. Sensa mbili, relei moja ya pampu. Stima yetu mnaijua. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma pale Gitaru, nchi nzima ikaingia giza kwa saa kadhaa. Stima ikikatika Linux ikiwa inaandika kwenye kadi, kadi inaweza kuharibika, na pampu inabaki bila bosi. Chipu yangu inaamka kabla hujapepesa jicho. Ikikwama, kuna saa ndani yake inayoiwasha upya yenyewe. Kodi yote inatosha kurasa mbili, naweza kuisoma nikiwa kwa matatu.

Sasa mwenye plot anataka wapangaji walipie maji kwa M-PESA, na aone hesabu kwa simu. Wi-Fi, usimbaji, intaneti, hivyo vyote uviandike mwenyewe kutoka sifuri? Utazeeka. Hiyo kazi naipa ESP32 na FreeRTOS yake. Pampu inabaki na chipu yake ya zamani, na waya mmoja tu kati yao.