Miaka 40 ya Vyama vya Jua Kali: Kutoka Kamukunji Hadi Keroka

Novemba 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji, Nairobi, akawakuta mafundi wakigonga mabati juani. Akaahidi kuwajengea vibanda. Viwanja vilipoanza kugawiwa, serikali iliwataka mafundi wajiunge, maana ilihitaji viongozi wa kuzungumza nao na orodha ya wanachama. Ndipo vyama vya jua kali vilipochipuka kwa wingi, vikaenea hadi miji midogo. Mwaka 2012 sheria mpya ya biashara ndogo ikavipa msajili wake.

Riziki ya fundi wa jua kali ni chuma chakavu. Mwenye mkokoteni hukusanya, mwenye mizani hununua kwa kilo. Pipa la mafuta hupasuliwa kwa patasi na nyundo, likanyooshwa, likawa jiko au karai. Springi ya gari hufuliwa ikawa panga. Alumini hurudi kuwa sufuria, na kuiyeyusha upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza kutoka madini.

Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 ilimtaka mfanyabiashara awe na leseni na kumbukumbu za manunuzi. Kisha, tarehe 11 Januari 2022, milingoti ya laini ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka na nchi ikakosa umeme; wezi wa vyuma wakalaumiwa. Tarehe 20 Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya chuma chakavu, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Mei. Mwizi na mwadilifu walifungiwa pamoja.

Hapo ndipo kazi ya chama inapoonekana: kuwajua wanachama, kuwadhamini waaminifu, kumfukuza anayenunua nyaya za wizi, na kuwasemea serikalini. Duniani, wafanyabiashara wa urejelezaji walilitambua hilo mapema, wakaunda shirika lao la kimataifa mwaka 1948.

Keroka inahitaji chama kuliko miji mingi. Mji umekaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, na serikali za kaunti hizo mbili zimewahi kuvutana kuhusu ushuru wa soko lake. Fundi aliye peke yake hubanwa katikati. Chama chenye wanachama wa pande zote mbili husikilizwa na kaunti zote mbili.

Mafundi na wanunuzi wa Keroka, jisajilini, andikeni kila kilo na jina la aliyeiuza, na kataeni mali ya wizi. Hiyo ndiyo kinga yenu.