Santuri ya Siti, Kanda ya Saida

Mwezi wa Machi 1928 Siti binti Saad, aliyekuwa mchuuzi wa vyungu kutoka Fumba, alivuka bahari kwenda Bombay pamoja na wenzake kurikodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice. Kufikia 1931 santuri zao zipatazo 72,000 zilikwisha kuuzwa. Hesabu hiyo ni kubwa, na bado haiwataji wasikilizaji wote. Gramafoni ilikuwa mali ya wenye uwezo. Santuri moja ikipigwa mkahawani, ilisikilizwa na mtaa mzima.

Mtaa huo haukusikiliza kimya. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameeleza jinsi watu wa Ng'ambo walivyozijadili nyimbo za Siti: nani aliyekusudiwa, kisa chenyewe kilikuwaje, na hakimu alihukumu kwa haki au kwa upendeleo. Wimbo wa "Kijiti" ndio mfano unaojulikana zaidi. Unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa akakimbilia bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Aliyeisikia santuri hiyo aliulizwa rai yake juu ya mahakama kabla ya kuulizwa rai yake juu ya sauti. Sauti ilisifiwa pia, bila ya shaka. Lakini watu wa pwani ni watu wa maneno, na mwimbaji asiyekuwa na neno hakukaa sana barazani.

Santuri ikivuka bahari kwenda bara, ilikwenda bila ya baraza yake. Mtu wa Karagwe mwenye kujua Kiswahili angeyafahamu maneno ya "Kijiti" asimfahamu Kijiti mwenyewe. Hapo ndipo rai za wasikilizaji zinapoachana: mmoja anahukumu kisa, mwengine anahukumu wimbo.

Safari ya kinyume ilifanyika mwaka 2001, pale albamu ya Saida Karoli, Chambua Kama Karanga, ilipotoka Kagera na kuenea Tanzania nzima. Wimbo wake "Maria Salome" umeimbwa zaidi kwa Kihaya. Wapenzi wengi wa muziki wakaununua, wakaucheza harusini, wakausifu kwa sauti ya mwimbaji na kwa mdundo wake. Na kwa kuwa maneno machache ya Kiswahili ndiyo waliyoyadaka, wakaubatiza wimbo wote kwa maneno hayo. Yaliyobaki yakawa kama ala moja zaidi.

Msikilizaji wa Ihembe, wilayani Karagwe, hakuhitaji ubatizo huo. Lugha ya huko ni Kinyambo, jirani wa karibu sana wa Kihaya, na nchi hiyo yote ina mazoea ya zamani ya kumkalia mwimbaji wa enanga. Enanga ni gogo lililochongwa likawa na tumbo, likavutiwa nyuzi. Na jina hilo hilo ni la tenzi ndefu za mashujaa zinazoimbwa nalo. Hadhira ya namna hiyo imezoea kupima usemi: methali imewekwa pahala pake au imebandikwa, sifa zimemfaa msifiwa au zimempita kimo. Kanda ya Saida ilifika kwao ikiwa maneno kwanza, kama santuri ya Siti ilivyofika Ng'ambo.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz pamoja na Rayvanny waliutoa "Salome", wakiujenga juu ya wimbo ule wa Saida kwa maneno mapya ya Kiswahili. Mabishano yakaanza upya, safari hii kati ya waliokumbuka kanda na waliokuwa watoto ilipotoka: upi mtamu, upi wa asili. Ni ubishi halali, ila mwembamba. Pwani iliyomtaka Siti aeleze kila neno haikumtaka Saida aeleze hata nusu, na hilo halisemi lolote juu ya ubora wa Saida. Linasema juu ya masikio ya pwani.

Mwaka mmoja baada ya kanda hiyo, M. M. Mulokozi, mshairi anayefahamika vyema na wasomaji wa Kiswahili, alitoa kitabu The African Epic Controversy, ambamo tenzi za enanga za Wahaya zimechambuliwa kwa kina. Kimeandikwa kwa Kiingereza.