Mchuuzi wa mifugo (Busia na Malaba, Kenya)

Mchuuzi wa mifugo hununua ng'ombe, mbuzi na kuku vijijini, akawauze mnadani au kwa wachinjaji. Katika Kaunti ya Busia, Waluhya na Wateso wana ndugu ng'ambo ya mpaka wa Uganda, hivyo shemeji anaweza pia kuwa mteja.

Mtaji wake wa kwanza ni macho: hukagua meno ya ng'ombe au mbuzi kujua umri, hukisia uzito bila mizani. Kibali cha daktari wa mifugo nacho ni lazima; karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikitangazwa, mnada hufungwa, lakini mkopo wake haungoji.

Faida huishia kwenye karo na mahari ya wanawe, ambayo bado huhesabiwa kwa ng'ombe. Hata msibani ng'ombe wana nafasi yao: mzee mwenye heshima akifariki, baadhi ya Waluhya huswaga mafahali hadi bomani kwake.