Ngoma Ilitajwa, Mchezaji Hakutajwa: Bariadi na Majina Yaliyopotea

Kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani kuna aina ya kibao ambacho ukishakisoma kimoja umesoma vyote: "Sanamu ya mbao. Wasukuma, Tanzania." Basi, imeisha. Mara nyingi chini yake kuna jina la mtu, ila siyo la mchongaji. Ni la aliyeinunua, aliyeichukua au aliyeitoa kama zawadi. Yaani aliyeibeba ana jina na ukoo, aliyeichonga ana kabila tu. Ukihamia vyumba vya michoro ya Wazungu, kila picha ina jina la mchoraji, mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki.

Hii haikutokea kwa bahati mbaya. Enzi za ukoloni, rangi ndiyo iliyoamua nani ahesabiwe kama mtu mwenye akili yake na nani ahesabiwe kama kundi. Mzungu akichora, amebuni. Mwafrika akichonga, anarudia alichoachiwa na babu zake. Ukishaamini hivyo huna haja ya kumuuliza mtu jina, maana unadhani jibu unalo tayari: ni Msukuma.

Kinachouma zaidi ni kwamba sanaa hiyo ilitoka kwa watu ambao kwao jina la msanii lilikuwa mtaji namba moja.

TIMU ZILIKUWEPO KABLA YA SIMBA NA YANGA

Bariadi ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa Machi 2012 kwa kumega Shinyanga na kipande cha Mwanza. Mkoa una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Wenyeji wengi huitwa Wasukuma, lakini hata hilo jina lilianza kama upande wa dira. Kwa Kisukuma, sukuma ni kaskazini, kama dakama ilivyo kusini. Bariadi kwenyewe watu hujiita Wanyantuzu, yaani watu wa Ntuzu, utemi wa zamani wa eneo hilo. Kwa hiyo kibao cha makumbusho kinaanza kumpoteza mtu hata kabla ya kufika kwenye jina lake.

Kote Usukumani watu waligawanyika kwenye timu mbili kubwa za ngoma: Wagika na Wagalu. Simulizi zinawataja waganga wawili wa karne ya 19 waliokuwa pia wachezaji, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali na nani anavuta watu. Waliomfuata Ngika wakawa Bagika, waliomfuata Gumha wakawa Bagalu. Bifu hilo likavuka mipaka ya watemi na likarithiwa kizazi baada ya kizazi.

Mashindano yenyewe hufanyika baada ya mavuno, kuanzia kama mwezi wa 6, watu wakiwa na chakula ndani na hela ya pamba mfukoni. Vikundi viwili vinapiga siku moja, kwenye viwanja vinavyotazamana. Watazamaji wako huru, wanaweza kuhama kutoka upande huu kwenda ule wakati wowote. Anayeshinda ni yule ambaye kiwanja chake kimejaa. Hakuna jaji wala kura za kununua. Watu wanapiga kura kwa miguu.

Ndo maana vikundi vilitafuta kila mbinu ya kuvuta macho. Wengine walicheza na nyoka, kama Bayeye, chama cha wataalamu wa nyoka. Wengine walileta sanamu za mbao, baadhi zikiwa na mikono inayochezeshwa, ili umati wa upande wa pili uvuke kuja kuona. Dawa ya mvuto nayo ilikuwa sehemu ya mchezo, na hakuna aliyeificha. Kwa hiyo ile sanamu iliyokaa kimya kwenye kioo huko Ulaya huenda iliwahi kuwa kivutio cha shoo, ikisukasuka katikati ya vumbi, umati ukipiga kelele.

Katikati ya yote alisimama manju, mtunzi na mwimbaji kiongozi, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi. Manju hakuimba cha babu yake. Kila msimu alitakiwa aje na nyimbo mpya: kijembe kwa mpinzani, habari za mjini, bei ya pamba, majigambo yake mwenyewe. Na ndani ya wimbo alijitaja: yeye ni nani, mtoto wa nani, anatoka wapi. Manju asiye na jina hakuwa manju.

Jina kubwa kuliko yote ni Ng'wanamalundi, ambaye hata wasiofika Usukumani wanazijua hadithi zake za kunyooshea mti kidole ukakauka. Wengi wanamkumbuka kama mganga, ila umaarufu wake ulianzia kwenye ngoma. Simulizi zinasema Wajerumani walimkamata kwa sababu ya nguvu aliyokuwa nayo kwa watu. Jina lake halikuokolewa na makumbusho yoyote. Liliokolewa na midomo ya watu.

MKOLONI NA DAFTARI LAKE

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza alichukua Tanganyika, na maisha yakapangwa kwa rangi tatu: Mzungu juu, Mhindi na Mwarabu katikati, Mwafrika chini. Shule zilifuata ngazi hiyo, hospitali nazo hivyohivyo. Maarifa pia yalikuwa na ngazi zake.

Mfano mzuri ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya kikoloni. Aliandika sana kuhusu Usukuma. Mwaka 1946 alichapisha makala juu ya chama cha Buyeye, na mwaka 1953 kikatoka kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma. Alikuwa mchapakazi, na bila yeye mambo mengi yangepotea. Lakini nani alimweleza siri za nyoka? Nani alikaa naye siku nzima akimfafanulia mahari, urithi na talaka? Wazee, mamanju, wataalamu wa dawa. Jalada la kitabu lina jina moja, na karatasi zake zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi leo zinaitwa Mkusanyiko wa Hans Cory.

Wakati huohuo, wasanii wa Usukumani hawakuwa wanasubiri kuelezewa. Bariadi ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Maswa, na miaka ya 1950 kilimo cha pamba kilipanuka sana upande huo. Vikundi vya kulima viliingia shambani na ngoma, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Hapo ndipo ngoma ya Bugobogobo inapokaa: ngoma ya jembe. Mtu akiona leo kwenye jukwaa vijana wanarusha majembe juu anadhani ni sarakasi. Ilikuwa kazi.

Na nyimbo za shambani hazikuwa za mapenzi tu. Wakulima walilalamikia mizani za wanunuzi wa pamba, ambao wengi walikuwa Wahindi, wakisema wanapunjwa. Hasira hiyo ndiyo iliyojenga ushirika. Mwaka 1952 kikaja chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa ushirika wa Victoria chini ya Paul Bomani, uliokua ukawa miongoni mwa mikubwa zaidi Afrika. Serikali ilipoinyima TANU usajili Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, mikutano ya siasa ilikuwa shida, lakini watu kukutana shambani na kwenye ngoma hakukuwa shida. Mwaka 1958, upande wa pili wa ziwa, watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, kwa sababu waliona ni mlango wa kuwapa Wazungu na Wahindi viti juu ya ardhi yao. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Kwa hiyo mazungumzo kuhusu rangi yalikuwepo, tena ya moto. Yaliendeshwa kwa Kisukuma, kwa mdundo, na watu ambao leo majina yao mengi hayapo kwenye kitabu chochote.

UHURU UKAJA, KIBAO KIKABAKI

Tarehe 10 Desemba 1962 Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana. Katika hotuba hiyo aliwasema wasomi waliofundishwa dansi za Kizungu huku hawajui hata ngoma moja ya kwao, na akasema kosa kubwa la mkoloni lilikuwa kuwaaminisha Waafrika kwamba hawana utamaduni wowote wa maana. Yalikuwa maneno mazito na yalihitajika.

Kikundi cha ngoma cha taifa kikaundwa, na baadaye, mwaka 1981, kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Bugobogobo ikatoka shambani ikapanda jukwaani, ikachezwa mbele ya wageni wa serikali na kufundishwa kwa vijana wa mikoa yote. Ni heshima kubwa. Lakini mshereheshaji alipoitambulisha alisema nini? "Ngoma ya Wasukuma." Taifa lilikuwa linajenga umoja, na jina la mtu mmoja mmoja lilionekana kama kitu kidogo. Kibao kilekile cha makumbusho, safari hii kimeandikwa na sisi wenyewe.

Kuandika tu nako hakukumwokoa mtu haraka. Jirani kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Lugha yenye wasomaji wachache haikuwa na mchapishaji. Alilazimika kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilichapishwa mwaka 1980. Alifariki 1981. Miaka 35 ya kusubiri. Kama mwenye kalamu aliteseka hivyo, manju ambaye kazi yake iliishi hewani angefanyaje?

WALIOULIZA MAJINA

Si kila mgeni alifanana. Pale Bujora, Kisesa, padre kutoka Canada, David Clement, alianza miaka ya 1950 kufanya kitu ambacho wamisionari wengi walikikataa: aliingiza ngoma na alama za Kisukuma ndani ya kanisa, akafanya kazi na wenyeji kukusanya historia yao. Makumbusho ya Wasukuma yakazaliwa hapo, pamoja na sikukuu ya Bulabo ambako Wagika na Wagalu bado wanaonyeshana ubabe. Vitu vilibaki karibu na wenye navyo, na hilo lina maana: mtoto wa Magu au Bariadi anaweza kusimama mbele ya ngoma akamsikia bibi yake akisema ilikuwa ya nani.

Mwaka 2010 mtafiti Mmarekani Frank Gunderson alichapisha kitabu cha nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya 300, na akawatambua waimbaji wake kama watunzi. Ni hatua kubwa. Shida ni kwamba kitabu ni cha Kiingereza, kimechapishwa Uholanzi, na bei yake mkulima wa Dutwa haiwezi.

KIBAO KIMEHAMIA KWENYE KAPSHENI

Sasa fungua simu. Klipu ya mzee anayecheza Kisukuma inazunguka, imepigwa biti mpya, ina watazamaji kibao. Kapsheni inasema: "Msukuma kavurugwa." Hana jina, hana kijiji, hana hata mwaka. Aliyeposti ana jina, ana akaunti na ana wafuasi. Hiyo ni hesabu ileile ya aliyeibeba na aliyeichonga, tofauti ni kwamba safari hii hakuna Mzungu wa kulaumiwa. Na ule utani wa lafudhi na ushamba unaoenda nao ni binamu wa fikra ileile ya kumwona mtu kama kundi.

Hapa kuna hela pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Manju aliyefariki mwaka 1990, kama inathibitika wimbo ni wake, familia yake ina haki hadi 2040. Lakini sanaa ya jadi isiyo na mtunzi anayejulikana huhesabiwa kuwa ya jamii nzima. Jina likipotea, wimbo unahama kutoka kapu la kwanza kwenda la pili, na wajukuu wanabaki kutazama biti ya babu yao ikilipa watu wengine.

Wasanii wa nyimbo za asili wa Simiyu na Shinyanga wameshalijua hili. Sikiliza video zao: karibu kila mmoja anajitaja ndani ya wimbo, Ng'wana fulani, na sehemu anakotoka. Wa mjini wanacheka wakiona ni kujipendekeza. Kumbe ni desturi ya manju, na ndiyo risiti yake.

Prodyuza anayetaka sauti ya Usukumani kwenye biti yake ana kazi ndogo ya kufanya kabla: kuuliza nani aliimba, kuandika jina, kumtafuta mwenyewe au watoto wake, kukubaliana malipo. Anayeposti klipu ana kazi ndogo zaidi: jina na kijiji. Ntuzu, Itilima na Meatu bado kuna wazee wanaokumbuka nani alitunga nini, upande gani, na mwaka gani wa pamba. Wanazidi kupungua. Wakiisha, wimbo utabaki, na kibao kitaandikwa vilevile kama cha Ulaya: Wasukuma, Tanzania.