Jiwe Lisiloanguka

Oktoba 1604 Galileo Galilei, akiwa mwalimu wa hesabu mjini Padova, alimwandikia rafiki yake Paolo Sarpi juu ya kanuni ya vitu vinavyoanguka. Aliamini kwamba kasi ya jiwe huongezeka kulingana na umbali ambao limekwisha kushuka: umbali ukiwa maradufu, kasi nayo huwa maradufu. Hata mimi naona wazo hilo laingia akilini upesi.

Lakini na tulipime. Ukiijua kasi ya kitu kila mahali kinapopita, waweza kuipata kani inayokisukuma. Chukua kasi ya mahali fulani, uizidishe kwa ongezeko lake katika kila mita. Utapata mchapuko, yaani kasi inavyozidi kila sekunde. Zidisha tena kwa kilo za kitu, utapata kani. Hesabu hii ilikuja baada ya Galileo. Newton aliieleza kwa jiometri katika kitabu chake cha 1687.

Kwa kanuni ya 1604, mwanzoni umbali ni sifuri, hivyo kasi ni sifuri, na kani ni sifuri. Jiwe ukiliachia lingebaki hewani milele!

Mambo yalivyo kweli, mraba wa kasi ndio unaofuata umbali. Likishuka mita 5, jiwe huwa na kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Likishuka mita 20, kasi ni karibu 20. Miraba yake ni 100 na 400. Imezidi 300 katika mita 15, sawa na 20 kwa kila mita. Nusu yake, 10, ndiyo mchapuko, nao haubadiliki toka juu hadi chini.

Kinachonigusa zaidi ni yaliyofuata. Mwaka 1638 kitabu chake juu ya sayansi mbili mpya kilichapwa Leiden, naye akiwa kipofu, kifungoni nyumbani kwake Arcetri. Angeweza kulinyamazia wazo lile la zamani. Badala yake alimpa mhusika mmoja wa majadiliano alitamke, na mwingine ajibu kwamba mwandishi mwenyewe aliwahi kulishika.

Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa ilimlazimisha aukane mwendo wa Dunia, ambao ni kweli. Kosa la jiwe alilikana mwenyewe, wala hapakuwa na hakimu.